Tembe ya pumu isiyo na jina irudishe dirishani

Leo nina jambo moja tu na sitazunguka. Kama una pumu na umepewa tembe ndani ya kale kabahasha kadogo kameandikwa 1x3, na hakuna jina la dawa popote, usiondoke hapo. Irudishe dirishani. Uliza inaitwaje, iandikwe, ndio utoe pesa.

Najua inakaa jambo dogo. Nyuma yako kuna foleni, msee wa boda anakupigia honi, na wewe ndio unauliza maswali kama askari wa trafiki. Lakini kwa mtu wa pumu, jina la tembe ndilo linamwambia aimeze asubuhi au jioni, kwa muda gani, aiache vipi, na asiichanganye na nini. Bila jina hujui sheria za hiyo dawa. Unabahatisha, na unachobahatisha nacho ni pumzi yako.

Naandika kutoka Kangari. Huku ni juu, majani chai pande zote, msitu wa Aberdare uko mgongoni. Julai ikifika ukungu unashuka hadi barabarani na jikoni moto wa kuni hauzimwi kutwa nzima. Hewa baridi na moshi ni vitu viwili vinavyoamsha pumu haraka, kwa hivyo msimu huo mtu kubanwa na kifua ni kawaida hadi hakuna anayeshtuka. Nenda Othaya, Nyeri, Karatina au Kerugoya, hadithi ni ile ile. Mtu anaingia kemisti, anasema "daktari, nipe ya kifua," anapewa bahasha, anaenda zake.

Hiyo "ya kifua" ndiyo inatumaliza. Hakuna dawa inayoitwa ya kifua. Tembe ambazo watu wa pumu hupewa sana ni za aina nne, kila moja na kazi yake, na sheria ya moja inaweza kukuumiza ukiitumia kwa nyingine. Wacha nizipitie.

Kwanza ujue pumu yenyewe inafanya nini. Kuna mambo mawili. Misuli inayozunguka mirija ya hewa inajikaza, na ndani ya hiyo mirija kuna uvimbe na makamasi. Kukaza huja na kwenda. Uvimbe mara nyingi unabaki, hata siku unajisikia freshi na unakimbia kama kawaida. Ndio maana unaambiwa ni ugonjwa wa muda mrefu. Haujaondoka, umenyamaza tu.

Tembe ya kwanza ni salbutamoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ventolin. Kazi yake ni kulegeza misuli. Uvimbe haiugusi. Tena angalia hesabu hii, kwa sababu ilinishangaza sana. Pafu moja ya inhela ya buluu kwa kawaida ni mikrogramu 100, kwa hivyo pafu mbili ni miligramu 0.2. Tembe moja ya salbutamoli inaweza kuwa miligramu 4. Hiyo ni mara 20! Dawa ile ile, lakini ya tembe inabidi ipite tumboni, iingie kwa damu, izunguke mwili mzima ndio ifike kwa mapafu. Huko njiani inatikisa mikono na kufanya moyo udunde. Halafu inachukua kama nusu saa kuanza kazi, wakati pafu inaanza ndani ya dakika chache.

Sasa niambie, ni nani alituambia inhela ndiyo "kali" na tembe ndiyo "nyepesi"? Ni kinyume kabisa. Inhela ndiyo dozi ndogo, inayoenda moja kwa moja mahali inahitajika. GINA, jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu ambalo miongozo yake hutumika duniani kote, halipendekezi salbutamoli ya kumeza, kwa sababu ya hayo madhara. Na mwaka 2019 lilienda mbali zaidi, likasema mtu wa miaka 12 kwenda juu asitibiwe pumu kwa inhela ya buluu peke yake. Anahitaji pia dawa ya kuvuta inayopunguza uvimbe. Kwa hivyo kama wewe umekuwa ukiishi kwa tembe za salbutamoli tu, uvimbe wako haujawahi kutibiwa hata siku moja.

Tembe ya pili ni prednisoloni. Hii ni steroidi na inapiga uvimbe kwelikweli. Ukipata shambulio baya, daktari anaweza kukupa miligramu 40 au 50 kwa siku, kwa siku 5 hadi 7. Kama tembe ni za miligramu 5, hizo ni tembe 8 au 10 kwa mpigo. Watu huona nyingi, wanaogopa, wanameza mbili na kuweka zingine kwa kabati "za siku nyingine". Usifanye hivyo. Meza jinsi ulivyoandikiwa, asubuhi, ukiwa umekula, umalize.

Upande wa pili kuna wale wameipenda sana. Kila kifua kikibana wanarudi kemisti kununua tena bila kuandikiwa, na kuna hadi watu wasio na pumu wanaimeza ili wanenepe. Prednisoloni ikizoeleka inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa, inaharibu macho, uso unajaa. Tena mwili una steroidi yake ya asili. Ukimeza ya kemisti kwa wiki nyingi, mwili unaacha kutengeneza yake. Siku ukiamua kuacha ghafla, huna ya mwili na huna ya tembe, na hapo unaweza kuzimia au hata kufa. Kwa hivyo wa siku 5 anamaliza na kuacha, lakini wa miezi lazima apunguziwe polepole na daktari. Tembe ni ile ile, sheria mbili tofauti. Utajuaje uko upande gani kama hujui hata unameza nini?

Tembe ya tatu inafaa kutugusa sisi watu wa majani chai. Inaitwa theofilini. Mwaka 1888 mwanasayansi Mjerumani, Albrecht Kossel, aliitoa kwenye majani ya chai, na hata jina lake limetokana na maneno ya jani la chai. Kabla hujakimbia kuongeza kikombe, kiasi kilichomo ndani ya chai ni kidogo sana na hakitibu pumu. Tembe ndiyo ina kipimo.

Na hicho kipimo ndicho noma. Kati ya kiasi kinachosaidia na kiasi kinachodhuru, nafasi ni nyembamba. Ikizidi unaanza kutapika, moyo unakimbia ovyo, na ikizidi zaidi unaweza kupata kifafa. Kuna dawa za kawaida zinazoipandisha kwenye damu bila wewe kuongeza hata tembe moja: siprofloksasini, ambayo watu hununua wakiumwa na tumbo au njia ya mkojo, na erithromaisini, ya koo na kifua. Sigara nayo inaishusha, kwa hivyo mvutaji akiacha sigara (na aache, jamani) dozi ile ile inaweza kuwa nyingi kwake. Amwambie daktari. Zile za kuachia dawa polepole hazitafunwi wala hazisagwi, kwa sababu dawa ya masaa 12 itamwagika yote mara moja. Ukisahau dozi, usimeze mbili kufidia. Na kwa sababu ni ndugu wa kafeini, punguza zile vinywaji za kukesha.

Tembe ya nne ndiyo nataka vijana wenzangu waisome mara mbili. Inaitwa montelukasti, na ya kwanza kuuzwa ilikuwa Singulair. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Humezwa mara moja kwa siku, jioni kwa mtu wa pumu, kila siku hata ukiwa sawa. Kuanzia miaka 15 ni miligramu 10, na ya miaka 6 hadi 14 ni ya kutafuna ya miligramu 5. Hii ya kwako usimgawie ndugu yako mdogo. Haikatizi shambulio. Inazuia tu, polepole, na mara nyingi ni nyongeza kwa inhela ya kuzuia, haichukui nafasi yake.

Machi 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza karatasi ya dawa hii iwekwe onyo la kiwango cha juu kabisa. Sababu ni akili. Kwa baadhi ya watu inaleta ndoto za kutisha, kukosa usingizi, hasira isiyo na sababu, huzuni nzito, hadi mawazo ya kujiua. Inaweza kumpata hata mtu ambaye hajawahi kuwa na shida kama hiyo. Wengi wanaimeza bila tatizo lolote, na wengine inawasaidia sana, kwa hivyo sisemi ikimbiwe. Nasema uambiwe.

Kwa sababu fikiria mtu wa miaka 17 ameanza kumeza tembe asiyoijua jina. Baada ya wiki tatu halali, anafokea kila mtu, anajifungia chumbani. Nyumbani watasema ni mapenzi, au ni mtihani, au "vijana wa siku hizi". Yeye mwenyewe ataamini ameharibika. Hakuna atakayeangalia bahasha, na hata akiiangalia, imeandikwa 1x1 pekee.

Ukiwa kwa montelukasti, mwambie mathe, au rafiki mnayekaa chumba kimoja, akuangalie. Tabia yako ikibadilika, iache na umwone daktari mara moja, huku ukiendelea na inhela zako. Kama mawazo ya kujiumiza yameingia, usilale nayo. Mwambie mtu usiku huo huo, muende hospitali.

Sasa unaona kwa nini napigania jina. Tembe moja inamezwa jioni kila siku, nyingine asubuhi kwa siku 5 tu. Moja huwezi kuiacha ghafla, nyingine lazima uiache ukibadilika tabia. Na ukifika hospitali usiku umebanwa, daktari akikuuliza unatumia nini, utamwambia "ni nyeupe, ndogo, mviringo"? Tembe nyingi ni nyeupe na mviringo.

Bahasha yenyewe pia ni shida. Montelukasti haitaki mwanga wala unyevu, ndio maana inafaa kukaa kwa pakiti yake ya kubonyeza hadi dakika ya kumeza. Ukiitoa ukaitia kwa karatasi, katika ukungu wetu huu, umeivua koti. Halafu tarehe ya kuisha ilibaki kemisti. Ukitaka tembe 10 pekee kwa sababu ya pesa, ni sawa, omba zikatwe na pakiti yake, na upige picha ya boksi kwa simu. Simu unayo. Picha ya jina, miligramu na tarehe ni dakika moja.

Kuna tembe zingine si za pumu kabisa lakini zinaihusu. Propranololi ni moja. Watu huimeza ili moyo usidunde kabla ya mahojiano au kupanda jukwaani, na rafiki anaweza kukupa moja kwa roho safi. Kwa mtu wa pumu hiyo tembe inaweza kufunga mirija, na salbutamoli ikashindwa kuifungua. Usiiguse. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki pia huamsha pumu kwa baadhi ya watu. Kwa hivyo ukinunua dawa ya kichwa, ya hedhi au ya goti la mpira, sentensi ya kwanza iwe "nina pumu".

Wengine wataniambia, wewe unaongea tu, inhela ni bei na daktari ni mbali. Ni kweli. Kuna nyumba huku ambazo inhela inangoja bonasi ya majani chai, na tembe zinauzwa kwa mapeni. Siwezi kumcheka mtu aliyechagua anachoweza kulipa. Lakini kuuliza jina hakuna bei. Na kuna kitu kingine watu hawaambiwi. Kile chombo cha kuunganisha na inhela ili dawa ifike vizuri kwa mapafu kinaweza kutengenezwa kwa chupa ya plastiki ya nusu lita. Watafiti wa Cape Town walikijaribu kwa watoto waliokuwa na shambulio la pumu, wakachapisha matokeo mwaka 1999, na chupa ilifanya kazi vizuri kama kile cha dukani. Mwombe nesi akuonyeshe kutoboa shimo linaloshika mdomo wa inhela bila kupitisha hewa. Inhela ikitumiwa vizuri haiishi ovyo.

Tuseme ukweli lakini, kwa vijana wengi si bei pekee. Ni aibu. Inhela inaonekana, tembe haionekani. Ukitoa inhela uwanjani au kwa matatu watu wanakugeukia, kuna wale watakuita mzee. Tembe unameza na maji na hakuna anayejua. Naelewa hiyo kabisa. Lakini kuchagua dawa mbovu kwa sababu ya macho ya watu wasiojua hata jina lako la pili ni biashara ya hasara. Wanariadha wa Olimpiki wana pumu na wanatumia inhela. Huyo anayekucheka kwa steji ni nani?

Na shule za bweni zinisikie. Kukusanya dawa zote na kuzifungia ofisini kunaeleweka. Kufungia inhela ya buluu hakueleweki. Shambulio la saa nane usiku halingoji matroni atafute ufunguo. Prednisoloni na theofilini ziwekwe na nesi, inhela ibaki kwa mfuko wa mwanafunzi.

Kwa sababu hili lazima lieleweke: hakuna tembe ya kukuokoa dakika ile pumzi imekataa. Hata prednisoloni, pamoja na nguvu zake, inachukua masaa. Ukibanwa, keti wima, vuta inhela ya buluu, na kama haisaidii, au huwezi kumaliza sentensi bila kuhema, au midomo imegeuka rangi, nenda hospitali hapo hapo. Usiende peke yako.

Siwalaumu watu wa kemisti wote. Aliyesomea kazi, mwenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, atafurahi ukimuuliza, maana hiyo ndiyo kazi yake. Anayekasirika kwa sababu umeuliza jina la kitu unachoenda kumeza, amekuonyesha kwamba unafaa kununua kwingine.

Maswali ni haya, yaweke kwa simu:

Inaitwaje, na ni miligramu ngapi?
Ni ya kuzuia, ya kutuliza shambulio, au ya kulegeza kifua?
Nimeze saa ngapi, kwa siku ngapi, na nikisahau nifanye nini?
Naweza kuiacha ghafla?
Inachanganyika na hizi zingine ninazotumia?
Ni kitu gani kikitokea nirudi haraka?

Kama unatumia tembe za pumu tayari, usiache leo kwa sababu umesoma post yangu. Mimi si daktari. Chukua bahasha ulizonazo zote, nenda nazo kliniki, zimwage mezani na uulize kila moja inaitwaje. Na kama shosho ana zake kwa kile kikopo juu ya kabati, beba na hizo pia.